Jinsi ya Kuandika Pendekezo la Mada ya Django kwa Ajili ya Mkutano

Django ni fremuweki ya kutengeneza tovuti, na mkutano wa watumiaji wake huitwa DjangoCon. Wa kwanza ulifanyika mwaka 2008, wa Ulaya ukafuata mwaka 2009 mjini Prague, na DjangoCon Africa ikaanza mwaka 2023 Zanzibar. Ipo pia mikutano ya PyCon, yaani ya watumiaji wa lugha ya Python, ya nchi mbalimbali, ambayo hupokea mada za Django kwa kuwa fremuweki hii imeandikwa kwa Python. Yote hutumia utaratibu mmoja: waandaaji hutangaza wito wa mada, watu hujaza fomu, kamati husoma, wachache huchaguliwa.

Wanaosoma mapendekezo hayo kwa kawaida ni watu wanaojitolea. Wanasoma jioni baada ya kazi, pendekezo moja baada ya jingine, na mengi yanafanana. Mada nzuri sana huachwa kwa sababu aliyeiandika hakusema msikilizaji ataondoka na nini mkononi. Hilo ndilo swali ambalo kamati inaliuliza kila inapofungua pendekezo, na karibu kila ushauri ulio hapa chini ni njia ya kulijibu.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mada kuhusu kuongeza faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji wa data) kwenye jedwali kubwa la hifadhidata huku tovuti ikiendelea kufanya kazi. Kama fremuweki yako ni Rails au Laravel, badilisha maneno ya kiufundi. Mengine yanabaki vilevile.

Soma wito kwanza, wote

Usianze kuandika kabla ya kujua mambo haya.

Urefu wa mada. Mikutano mingi ina mada za dakika 25 au 30, za dakika 45, na warsha za saa tatu au zaidi. Angalia kama muda uliotajwa unajumuisha maswali. Dakika 25 zenye maswali ndani yake ni kama dakika 20 za kuzungumza, na tofauti hiyo hukata sehemu nzima ya mada. Zile mada za papo kwa papo za dakika tano mara nyingi haziombwi kwa fomu. Hujiandikisha watu siku yenyewe ukumbini.

Saa ya mwisho. Ukiona herufi AoE (Anywhere on Earth), maana yake tarehe hiyo inahesabiwa kuwa haijaisha mpaka iishe kila mahali duniani, yaani kwa saa za UTC-12, ambazo ziko saa 12 nyuma ya UTC, saa ya rejea ya dunia. Saa 5:59 usiku AoE ni saa 5:59 mchana wa siku inayofuata kwa UTC. Wengine hukata tamaa usiku wakati bado wana nusu siku nzima. Wengine hufanya kosa la kinyume: mkutano unatumia saa za mji wake, wao wanadhani ni AoE.

Kuficha majina. Mikutano kadhaa husoma duru ya kwanza bila kuona jina la mwombaji. Hapo jina lako, jina la kampuni yako na kiungo cha mradi wako havitakiwi kuonekana kwenye kichwa wala ikisiri (muhtasari wa mada). Andika "timu iliyokuwa na jedwali la rekodi milioni 40", usiandike timu ya nani.

Gharama. Mikutano mingi ya jumuiya hailipi nauli ya mtoa mada. Hutoa ruzuku, lakini ruzuku hizo mara nyingi zina fomu yake na tarehe yake ya mwisho, tofauti kabisa na ile ya mada. Jaza zote mbili siku moja. Kama utahitaji viza, hesabu nyuma kutoka tarehe ya mkutano uone kama siku zilizopo kati ya jibu la kamati na safari zinatosha. Zisipotosha, waandikie waandaaji mapema uwaulize kama wanaruhusu mada kwa njia ya video.

Finya wazo mpaka liingie kwenye sentensi moja

Mawazo mazuri yako kwenye kazi ya kila siku. Yatafute kwenye kasoro iliyokula siku tatu ndipo ikapatikana, kwenye maelezo unayoyarudia kila unapokagua msimbo wa wenzako, au kwenye ukurasa wa nyaraka uliolazimika kuusoma mara nne. Kupanda kutoka toleo moja la Django linalotunzwa kwa muda mrefu hadi jingine, kwa mfano kutoka 4.2 la Aprili 2023 hadi 5.2 la Aprili 2025, nako kunatosha kuwa mada ikiwa una orodha ya vilivyovunjika na sababu zake.

Ukishapata wazo, jaza sentensi hii: "Baada ya mada hii, msikilizaji ataweza..." Ukiimalizia kwa "kuelewa hifadhidata vizuri zaidi", bado hujafika. Ukiimalizia kwa "kuongeza faharasa kwenye jedwali kubwa la PostgreSQL huku watumiaji wakiendelea kuhifadhi data", umefika (PostgreSQL ni programu ya hifadhidata). Kitenzi kiwe cha tendo ambalo mtu anaweza kwenda kulifanya Jumatatu kazini.

Epuka "Utangulizi wa Django". Django ilitolewa kwa umma Julai 2005 na nyaraka zake rasmi zina somo la kuanzia ambalo limeboreshwa miaka yote hiyo. Dakika 25 za jukwaani haziwezi kulishinda. Lakini usichanganye hilo na mada za wanaoanza, ambazo kamati huzitafuta sana. Mwanafunzi wa jana hajui kwa nini ukurasa wake wa makala 100 unaipiga hodi hifadhidata mara 101: mara moja kuchukua makala, kisha mara moja kwa kila makala kumtafuta mwandishi wake. Mada inayomwonyesha kwamba `select_related` ya Django inazifanya zote 101 kuwa moja, kwamba `prefetch_related` hutumika pale uhusiano ni wa wengi, na kwamba `assertNumQueries` kwenye majaribio inalinda ushindi huo usipotee, ni mada ya wanaoanza yenye mifupa. Na wa kuitoa si lazima awe mjenzi wa Django yenyewe. Aliyejifunza jambo hilo mwaka jana anakumbuka bado ni wapi alikwama.

Hakiki kila dai la kiufundi

Ndani ya kamati huwa kuna angalau mtu mmoja anayeijua sehemu unayoizungumzia kuliko wewe. Dai moja lisilo sahihi linatosha kumfanya aweke alama ya chini.

Chukua Django 6.0, iliyotoka Desemba 2025 ikiwa na mfumo wa kazi za nyuma ya pazia, yaani zinazofanyika bila kumsubirisha mtumiaji. Celery ni programu ambayo wengi huitumia kuendesha kazi hizo. Mwombaji akiandika "sasa Celery haihitajiki tena", msomaji anayejua atasimama hapo hapo. Django 6.0 inatoa namna moja ya kutangaza kazi na kuiweka kwenye foleni, lakini haiji na mfanyakazi (programu) wa kuziendesha kazi hizo kwenye seva ya uzalishaji. Huyo bado unamleta wewe. Mada hiyo hiyo ikiandikwa "nini Django 6.0 inakupa kuhusu kazi za nyuma ya pazia, na nini bado utaongeza mwenyewe" inakuwa ya kweli na inavutia zaidi.

Toleo jipya la Django hutoka takriban kila miezi minane. Taja namba ya toleo ulilolitumia, kisha angalia ni toleo gani litakuwa limetoka siku ya mkutano. Kitu kikibadilika katikati, sema kwenye maelezo ya kamati kwamba unakijua na utakigusa.

Ikisiri: inavyoharibika na inavyotengenezwa

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi. Maneno 100 hadi 150 yanatosha, ila kama fomu imeweka kikomo chake. Ikisiri hii hapa ni ya aina inayoletwa kila mara (migresheni ni faili la Django linalobadilisha muundo wa hifadhidata):

"Django ni fremuweki maarufu ya kutengeneza programu za wavuti. Katika mada hii tutazungumzia migresheni, umuhimu wake na changamoto zake. Tutaangalia mbinu bora za kufanya kazi na hifadhidata kubwa. Mwisho wa mada utashangaa kuona jinsi ilivyo rahisi! Mada inamfaa kila mtu."

Tuipitie. Sentensi ya kwanza inawaambia watu waliokata tiketi ya DjangoCon kwamba Django ipo. Ya pili inataja eneo pana bila tatizo lolote. "Mbinu bora" hazitajwi hata moja, kwa hiyo msomaji hana la kupima. Kisha jibu limefichwa ili mtu aje kushangaa. Kamati haiwezi kuchagua kitu kisichoonekana. Na mada inayomfaa kila mtu haimwambii yeyote kwamba ni yake.

Sasa wazo lile lile:

"Umeongeza faharasa kwenye modeli, migresheni imepita bila tabu kwenye kompyuta yako, lakini kwenye seva watumiaji hawawezi kuhifadhi chochote kwa dakika kadhaa. Sababu ni kwamba PostgreSQL, inapojenga faharasa kwa njia ya kawaida, huweka kufuli linaloruhusu kusoma na kuzuia kuandika mpaka imalize. Mada hii inaonyesha jinsi ya kutumia `AddIndexConcurrently` ya Django kuepuka kufuli hilo, kwa nini migresheni hiyo lazima iwe na `atomic = False`, na la kufanya ujenzi ukikatika katikati na kuacha faharasa batili. Utaondoka na hatua za kukagua migresheni kabla haijagusa seva. Inawafaa wanaotumia Django na PostgreSQL ambao tayari wamewahi kuandika migresheni. Huhitaji kuwa mtaalamu wa hifadhidata."

Mpangilio wake ni huu: hali ambayo msikilizaji ameshaikuta, sababu yake, suluhisho likitajwa kwa jina, atakachoondoka nacho, na anayelengwa. Suluhisho limewekwa wazi na bado mtu atataka kuja, kwa sababu kujua jina la dawa ni tofauti na kuonyeshwa namna ya kuitumia na madhara yake.

Soma ikisiri yako kwa sauti. Kila sentensi inayoweza kunakiliwa kwenye mada nyingine bila kubadilishwa neno, ifute. Ukimaliza utashangaa ni ngapi zimebaki, na hizo ndizo za kujenga juu yake.

Mikutano mikubwa mingi huendeshwa kwa Kiingereza. Kama unafikiri kwa Kiswahili, andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja inyooke, ndipo uiandike upya kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Usiitafsiri neno kwa neno. Kamati makini haitafuti Kiingereza cha mapambo. Inatafuta kama unajua unachosema na kama utaeleweka.

Maelezo ya kamati na mgawanyo wa dakika

Fomu nyingi, hasa zile za pretalx (programu huria ya kuendesha wito wa mada, ambayo nayo imejengwa kwa Django), zina visanduku vitatu: ikisiri, maelezo marefu, na ujumbe kwa waandaaji. Ikisiri na maelezo huchapishwa kwenye ratiba. Ujumbe kwa waandaaji hausomwi na umma, na ndipo wengi huacha patupu. Ni hasara kubwa, maana hapo ndipo unapoonyesha kwamba mada ina mwili.

Weka humo mgawanyo wa dakika. Kwa mfano wetu, mada ya dakika 25 yenye maswali ndani:

Dakika 0–3: tukio lenyewe, migresheni ya mstari mmoja inavyosimamisha uandishi.
Dakika 3–7: kufuli la PostgreSQL kwa mchoro mmoja, nani anasubiri nani.
Dakika 7–14: kuhariri faili la migresheni. `AddIndex` inabadilishwa kuwa `AddIndexConcurrently`. Kwa nini `atomic = False`: amri hiyo ya PostgreSQL haiwezi kuendeshwa ndani ya muamala (hatua zinazofanikiwa zote au kufutwa zote), na Django kwa kawaida huiweka kila migresheni ndani ya muamala. Pia mtego wa `db_index=True`: hapo `makemigrations` (amri inayoandika migresheni) hutoa `AlterField`, si `AddIndex`, kwa hiyo faharasa inahamishiwa kwanza kwenye `Meta.indexes`.
Dakika 14–19: inaposhindikana. Muamala mrefu ulioachwa wazi unaufanya ujenzi usubiri. Ujenzi ukikatika, inabaki faharasa batili ambayo haisaidii kutafuta na bado inaongeza kazi kwa kila uandishi. Namna ya kuigundua na kuiondoa.
Dakika 19–21: kutumia `sqlmigrate` kusoma SQL (amri za hifadhidata) ya migresheni kabla ya kuipeleka kwenye seva.
Dakika 21–25: maswali.

Tazama sehemu ya dakika 14 hadi 19. Ina uzito mkubwa kwa kamati, kwa kuwa mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kuiandika. Kila mada iwe na sehemu ya namna hiyo: njia inaharibikia wapi, na dalili zake ni zipi.

Jumlisha dakika. Mara kwa mara huja mgawanyo wa dakika 25 ambao ukiuhesabu unafika 38, au wenye vichwa vidogo 12 ndani ya dakika 20. Kamati huhesabu. Kama hujui mada yako itachukua muda gani, chukua sehemu moja, isimulie kwa sauti ukiwa na saa, halafu kadiria nyingine kwa hiyo.

Humo humo sema kama umewahi kuitoa mada hii na wapi, ikiwa duru hiyo haifichi majina. Kama ni mara yako ya kwanza kusimama jukwaani, sema bila wasiwasi. Mikutano mingi ya jumuiya hutenga nafasi kwa wapya na baadhi huwapa mlezi wa kuwasaidia. Taja pia mahitaji ya pekee: sauti, intaneti, mkalimani wa lugha ya ishara. Kama umepanga kuonyesha kitu moja kwa moja, eleza una video ya akiba intaneti ikikatika.

Kichwa na wasifu

Kichwa andika mwisho. Watu watakisoma kwenye ratiba, kwenye simu, wakiwa wamesimama kati ya vyumba viwili. "Migresheni za Django" ni kipana. "Safari yangu na data" hakisemi kitu. "Kuongeza faharasa kwenye jedwali kubwa bila kuzuia uandishi" kinatosha, na anayekihitaji atajijua. Mzaha kwenye kichwa mara nyingi haufahamiki kwa mtu wa lugha nyingine.

Wasifu uwe sentensi tatu hivi, kwa nafsi ya tatu kama fomu inavyotaka. Taja kinachohusiana na mada: umetumia Django kwa kazi gani, kwa data ya ukubwa gani. Orodha ya vyeti haisaidii.

Kabla ya kutuma

Mpe watu wawili waisome: mmoja anayeijua Django vizuri, mwingine wa kiwango unachomlenga. Usiwaulize "mnaonaje?". Muulize wa kwanza ni dai gani angelibishia, na wa pili akwambie kwa maneno yake atajifunza nini. Akikosea, ikisiri ndiyo yenye kasoro.

Ondoa harufu ya biashara. Mada inayoelekea kwenye huduma ya kampuni yako hukataliwa haraka, hata ukiwa na nia njema. Kama chombo unachokionyesha ni chenu, sema wazi kwenye ujumbe kwa waandaaji na taja njia mbadala ndani ya mada.

Tuma mapendekezo mawili au matatu yaliyokamilika kuliko kumi ya nusunusu. Hakikisha yanatofautiana kwa kweli, ili kamati iwe na chaguo ikiwa mtu mwingine ameleta lile la faharasa. Tuma siku mbili kabla ya mwisho; fomu nyingi hukuruhusu kuhariri mpaka saa ya kufunga.

Majibu yakija

Ukikubaliwa, thibitisha mara moja. Barua ya kukubaliwa huwa na tarehe ya mwisho ya kuthibitisha, na nafasi ikipita bila jibu hupewa aliye kwenye orodha ya akiba. Angalia pia folda ya barua taka wiki ambayo majibu yanatarajiwa. Omba barua ya mwaliko siku hiyo hiyo kama viza inahitajika.

Ukiwekwa kwenye orodha ya akiba, jibu kwamba uko tayari na utaje unahitaji siku ngapi za kujiandaa. Watoa mada hujitoa karibu na mkutano, na waandaaji humpigia yule waliye na uhakika naye.

Ukikataliwa, waandikie kwa adabu uombe maoni. Wapo watakaokwambia waziwazi: mada tatu zilifanana, au ilikuwa pana mno. Ya kwanza haihusiani na ubora wa maandishi yako, kwa hiyo peleka pendekezo lile lile mkutano mwingine. Ya pili inakurudisha kwenye ile sentensi ya "msikilizaji ataweza". Tunza kila pendekezo kwenye faili moja pamoja na tarehe, mkutano uliolipeleka, maoni uliyopata na toleo la Django ulilolitaja. Wito unaofuata ukitangazwa, huenda Django imeshatoa toleo jipya. Fungua maelezo ya toleo hilo, endesha tena mifano yako juu yake, sahihisha kilichobadilika, ndipo utume.